Kapete ka furshi

Yaya Béa, salamu za matope toka Bunia, kwako na kwa batoto.

Hapa kwake Rwambuzi, mutaa wa Bunia, shangazi hakubali velo ya mugeni, hata hii baiskeli yangu, ilale na matope. Nikirudi toka Bogoro, nikiingia kuoga, anaiosha mwenyewe.

Weye unajua furshi ya velo yangu, ile miguu ya mbele yenye kubonyea mu mashimo. Niliivalisha kapete ka mpira: furshi ikibonyea, inasukuma kapete juu, kanabakia pale kunionyesha imefika wapi. Lakini kila magaribi nilikuta kapete kako chini kabisa. Nikasema furshi iko ngumu sana, nikawa naitoa upepo wa ndani kidogo kidogo, ilainike. Jana, mu mutelemuko, ikazama yote. Nikaruka juu ya gido, ule usukani, nikaangukia mu mihogo ya batu.

Shangazi akanipangusa damu ya pua.

"Ni juu ya kale kapete?" akauliza. "Kanapandaka kila siku. Niko nakarudisha chini, kasipotee."

Nilimuelezea yote, akasikiliza muzuri. Leo asubuhi nimekuta amekafunga chini na uzi.

Mungu akulinde, yaya, vile shangazi analinda kale kapete.

Mudogo wako,
Dieumerci