Michembe ya Turubai

Busisi, Jumapili ya mavuno, jioni

Tena mbele ya kaka na mke wake! Baba ameng'ata kipande kimoja cha michembe yangu ya viazi vitamu vikavu, akakirudisha kwenye sahani.

"Hii umeanika wapi?"

"Kwenye turubai, baba."

"Ndiyo maana. Ya mama yako haikuwa na harufu ya plastiki."

Nimetoka kanisani mbio kabla mnada wa mazao haujaisha, nikakaa jikoni mpaka saa tisa, nikaunga kwa karanga nilizotwanga mwenyewe. Sikukuu ya shukrani, na shukrani yangu ndiyo hiyo. Kaka akacheka. Pilau aliyokuja nayo kutoka mjini imeisha yote.

Mama alikuwa anaanika viazi vyake juu ya lile jiwe la nyuma ya nyumba. Analifagia, anapanga vipande kimoja kimoja, sisi tunafukuza kuku. Naukumbuka utamu ule, sihitaji kukumbushwa.

Ila jiwe liko wapi? Baba mwenyewe aliita watu wakalipasua kuwa kokoto, tukajengea kaburi la mama. Maneno yalinifika mdomoni, nikaanza kukusanya sahani. Siku kama ya leo...

Baadaye nikaenda kufagia kaburi. Saruji ni pana, haina hata ufa, na jua lilikuwa limeshazama lakini bado ina joto. Nikaweka kiganja, nikajikuta nawaza vipande vingapi vitaenea pale.

Mungu anisamehe. Mama yeye angeuliza tu kama nimefagia vizuri.