Foleni ya Presha Mpendae

Jumanne, baada ya Isha

Basi bila ya mimi, muuguzi wetu Bi Rukia angehutubia viti vitupu. Wiki iliyopita alitangaza mazungumzo ya afya ya akili hapa kituo cha afya Mpendae, hakuja mwanamme hata mmoja. Nani akaonekane pale, aitwe mwendawazimu?

Leo nkampokonya kipaza sauti. Mimi niliyeishia darasa la saba, lakini Dubai na Maskati nimezimaliza, nkatangaza: "Wanaume, njooni mpimwe presha!" Wakajaa mpaka uani.

"Umewadanganya watu," akaninong'oneza.

"Nimekuletea watu, Bi Rukia. Mambo ya akili ni kazi yako."

Basi kila aliyefungwa kile kitambaa cha presha akaulizwa polepole, "Usingizi upo?" Mkono umebanwa, mtu hana pa kukimbilia. Mzee Khamis, ambaye hata salamu huitikia kwa kichwa, alizungumza mpaka foleni ikanung'unika. Nami pembeni najipongeza.

Halafu Bi Rukia akaniita mimi.

"Nalala kama gunia la mchele!" nkasema, watu wasikie.

"Presha yako haisemi hivyo, kaka'angu. Tangu lini hulali?"

Nkatafuta mzaha, haukuja. Nkamwambia tangu tulipomzika Mama, kwa sauti ambayo hata mimi siijui. Bi Rukia akasogeza kiti chake karibu, kitambaa bado kimenibana.

Kanambia nirudi Alhamisi, tuzungumze kwa nafasi. Nnakwenda. Wakiniuliza barazani, nnakwenda kupima presha.