Uji wa Mama Mkwe, Jina la Mama Yetu

S.L.P. 47,
Kanyakine.
12 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Maxine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku kwenye baridi. Hujambo lakini? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuwainua wazee wa huko Leeds umepoa? Najua kazi hiyo ni ya kuinama kutwa nzima. Tafadhali usijikaze sana, usije ukaturudia umepinda tukashindwa kukutambua. Sisi tu wazima, Mungu anatutunza. Ukungu wa Julai umekaa juu ya migomba tangu wiki ianze, na nguo nilizofua Jumatatu bado ziko kambani. Nimeacha hata kuzipapasa.

Shemeji yako Kithinji anaendelea na kahawa yake na malalamiko yake. Beverlyne amenipita kimo na anajua amenipita. Mutegi ameng'oka meno mawili ya mbele, na kila apitaye njiani lazima aonyeshwe pengo.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kama enzi za shule. Ni kwa sababu ukinipigia simu unacheka, nami nikisikia kicheko chako nasahau nilichokasirikia. Safari hii sitaki kusahau.

Nianze na shukrani, maana sina roho ya kutokuona wema. Kabla hujanifungulia ile blogu, ucuru wangu, uji huu wa kuchachusha, uliishia kwa majirani na kwa akina mama wa kanisani wanapokwenda kumwona mzazi. Wewe ndiye uliyeketi huko ughaibuni, ukauandikia sifa, ukaweka picha za wimbi likilowekwa, likisagwa kwa jiwe, povu likipanda, na nambari yangu chini. Sasa napigiwa simu kutoka Chuka, kutoka Embu, hata Nanyuki. Watu wanaagiza uji wa ruracio, wa kupelekea mahari, kabla hawajaagiza mbuzi. Blogu yako imetulisha, na nilikuwa nikikutaja kwenye maombi kwa jina.

Lakini mwezi uliopita alikuja mteja mmoja kutoka Kianjokoma, anaitwa Njoki, mwanamke mchangamfu wa kuongea na kila mtu. Anamwoza binti yake mwezi wa Agosti. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikiosha madebe, kwa hiyo aliyempokea langoni ni mama mkwe. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona.

"Na wewe ni nani yake Gacheri? Maana mamake si alifariki, yule alimwachia hii recipe? Hiyo story ilinitoa machozi, wacha tu!"

Akatoa simu. Akamwonyesha picha, akaanza kumsomea neno kwa neno ulichoandika: kwamba ucuru huu ni wa mama yetu wa Muthara, kwamba nilijifunza nikiwa nimeketi miguuni pake tangu utotoni, kwamba alipokuwa kitandani alinikabidhi kibuyu chake na kuniambia nisiache kitu hiki kife. Mimi blogu siisomi, Maxine. Wewe unaandika, mimi napokea simu. Nilikuwa nimesimama pale na maji yakinitiririka mikononi, nikisikia maisha yangu kwa mara ya kwanza.

Mama mkwe aliisogeza simu karibu na macho. Akasema, "Hicho kibuyu ni changu."

Njoki akacheka, akidhani ni utani wa wazee.

Sasa tuongee wewe na mimi, watoto wa mama mmoja. Mama yetu, Mungu ailaze roho yake mahali pema, alikuwa na mengi mazuri, ila uji wake unaujua. Ulikuwa uji wa haraka, wa unga wa dukani, wa kutuwahisha shuleni, na wenye madonge tuliyokuwa tukiyafinya kwa kijiko. Hakuwahi kuchachusha hata kikombe. Mimi niliingia nyumba hii sijui lolote, na desturi unaijua: bibi harusi vya kwao huviacha kwao, jiko hufundishwa na mama wa mume. Huyu mama alinivumilia. Nilimharibia wimbi lake mara nyingi hata ng'ombe wakalikataa, naye hakumwambia mtu. Mpaka leo nikipika, yeye ndiye huonja na kusema umefika au bado.

Na ile picha! Ulipokuja likizo mama akiwa mgonjwa, chakula kingine kilikuwa hakipiti. Kilichopita ni ucuru. Nani aliuleta? Mama mkwe huyu huyu, na magoti yake mabovu, kutoka Kanyakine mpaka Muthara, kila wiki, kibuyu kikiwa kwenye kiondo mgongoni. Wewe ulikuwa umeketi ukingoni mwa kitanda, ukapiga picha akimnywesha. Mikono ya mama ilikuwa haina nguvu. Aliyeshika kibuyu kwa chini ni yeye. Ile picha ninayo, ulinitumia siku ile ile. Nimeifungua nikailinganisha na ya blogu. Umeikata, Maxine. Umemwacha mama na kibuyu, na mwenye kibuyu umemtupa nje.

Umenisaliti. Nimetafuta neno dogo kuliko hilo nikakosa. Mtu asiyetujua angeandika hivyo ningesema hakujua. Wewe ulijua yote. Ulikunywa uji ule ule uliobaki kibuyuni, ukashukuru, ukamwita mama.

Nilipokupigia jioni ile ulinijibu nini? "Gacheri, wacha drama. Hiyo ni marketing, si kortini. Watu wanapenda story ya mama na daughter. Mother-in-law haiuzi." Kisha ukacheka, nami, mjinga wa watu, nikacheka kidogo. Ukaahidi utarekebisha. Baadaye ukaniandikia kwamba utarekebisha msimu wa harusi ukiisha, kwa kuwa hiyo ndiyo makala inayosomwa kuliko zote. Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Ya kwanza ningeweza kuiita haraka ya kuandika. Hii ya pili umeipima, ukaona sisi ndio wepesi.

Unaweza kudhani mama mkwe alinigombeza. Laiti angenigombeza! Mtu akikufokea unapata pa kujibu. Yeye alimkaribisha Njoki chai, akawamwagia kuku mahindi, akaingia ndani kwake. Kesho yake nilipomwita aje aonje, alisema ninaweza mwenyewe, si nilifundishwa tangu utotoni? Aliyasema bila ukali hata kidogo, akaendelea kuchambua maharagwe.

Nilimweleza. Kithinji naye alimweleza, kwa Kimeru cha heshima zote. Akatuambia amesikia. Maxine, amesikia, lakini haamini kwamba nilikuwa sijui. Na mimi ningekuwa yeye nisingeamini. Blogu ina jina langu, ina uso wangu, ina nambari yangu. Anaona nilikula naye miaka yote hii, kisha nikapata wageni wa mbali na kumwonea haya.

Huo uji niliupika peke yangu. Ulitoka vizuri tu, wateja walisifu. Nilikaa jikoni nikalia, kwa sababu kumbe muda wote hakuwa akija kuonja kwa sababu ya uji. Alikuwa akija kukaa nami.

Jumapili iliyopita tulikuwa na wageni kanisani, akina mama kutoka parokia nyingine. Nilikuwa nimepeleka ucuru. Walipokwisha kunywa, mmoja aliuliza kwa sauti ni nani aliyemfundisha Gacheri kazi hii. Nilikuwa nimeshika jagi. Nilimtazama mama mkwe, nikawa nafungua kinywa kumtaja, nimwinue pale mbele ya watu wote. Akaniwahi. Akatabasamu vizuri, kama anavyotabasamia wageni, akasema, "Ni mamake mzazi. Mimi ni jirani tu."

Wanawake wa kwetu wakainamisha macho kwenye vikombe.

Sikuombi uniombe radhi. Nakuomba uiondoe makala ile leo, si Agosti. Uandike nyingine yenye jina lake, Nelius, mama yake Kithinji, wa Kanyakine, na picha yote jinsi ilivyokuwa. Kama haitauza, isiuze. Halafu umpigie yeye, si mimi. Simu yake ni ile ile, na huipokea kwa sauti kubwa akidhani huko Leeds ni mbali sana hutamsikia. Mpaka hapo, wateja wa blogu wakinipigia nawaambia nimesimamisha kazi. Njoki nimemwambia ukweli wote. Ameniuliza kama anaweza kuja kumsalimu mama mkwe. Mgeni, Maxine, ametangulia kuona haya kabla yako.

Kithinji anakusalimu, amesema uvae vizuri kifuani. Beverlyne anakusalimu, na anataka viatu ambavyo sitavitaja humu. Mutegi anakusalimu kwa pengo lake lote. Kaka yetu Mutwiri wa Muthara anakusalimu pia, na kaburi la mama amelipalilia.

Kila barua na kila simu, mama mkwe huwa na lake la kukutumia: ule vizuri, uombe, uolewe. Nilipokuwa nafunga barua hii nilikwenda kumuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Aliniomba nimsogezee taa, akaendelea kusuka kiondo chake.

Mungu akulinde huko uliko na akulainishe moyo.

Dada yako, ambaye bado anakupenda na ndiyo maana inauma,

Gacheri