Ombi la Siri, Nakala kwa Jalada

Jumatatu, 3 Machi

Leo tena. Mama mmoja wa makamo kaja kuandikisha kifo cha mumewe. Nimefika kwenye kisanduku cha "sababu ya kifo" — vidole vikagoma. Nimeikodolea macho kompyuta kama vile naiona kwa mara ya kwanza. Foleni ikaanza kuguna. Jirani yangu wa dirisha la vizazi ndiye aliyekuja kunimalizia. Miaka kumi na moja naandikisha vifo, sijawahi kumaliziwa kazi!

Najua ilipoanzia. Mdogo wangu. Ajali ya pikipiki, mwezi wa kumi na moja, saa kumi na mbili jioni. Cheti chake nilikichapa mwenyewe, sikutaka mtu akosee jina lake. Lakini si hilo linalonitafuna. Siku ile saa nane mchana alinipigia simu. Nikamwambia nina foleni, nitakupigia. Sikumpigia. Sijui alitaka nini. Hakuna mtu niliyemwambia. Mama hajui. Nitaanzia wapi?

Jumanne, 4 Machi

Tangazo jipya ubaoni, karibu na ngazi. Ushauri nasaha kwa watumishi wote wa serikali. Bure. Siri. Mshauri yuko jengo la pili, ghorofa ya tatu, na hayuko chini ya idara yoyote. Nimepita pale mara nne nikijifanya nasoma ratiba ya likizo. Mara ya tano nikajipa moyo. Nimekaa nikaandika barua, nzuri kweli. Nimeipeleka kabla ya kutoka kazini.

Jumatano, 5 Machi

Mimi ni mjinga! Utumishi umenila akili! Nimezinduka asubuhi nikiwa napiga mswaki. Barua ya kuomba huduma ya siri nimeiandikaje? "Kwa Mshauri Nasaha, kupitia kwa Mkuu wa Idara." Kichwa cha habari kimepigiwa mstari. Chini kabisa: "Nakala: jalada langu." Kisha nikaipeleka masjala kwa miguu yangu, nikasaini na kitabu cha barua!

Na masjala anakaa nani? Redio. Hatukumpa jina hilo bure.

Alhamisi, 6 Machi

Wanajua. Mhasibu kaniuliza kama nimelala vizuri, kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa. Mlinzi wa getini kanipa pole, hakusema ya nini. Wataniondoa dirishani, nikapange fomu stoo mpaka nistaafu.

Ijumaa, 7 Machi

Kalamu Nyekundu kaniita. Ndiye mkuu wa idara. Mwanamke huyu hata kadi ya harusi anaisahihisha. Barua yangu mezani. Nikasema moyoni, kwisha habari yangu.

Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuomba siri kupitia kwake. Nikasema, "Mazoea tu, mkuu." Akanitazama juu ya miwani — akacheka! Miaka sita sijawahi kuyaona meno yake. Akanirudishia barua pamoja na ile nakala, ameshaing'oa jaladani kwa mkono wake. Akasema yeye hajaona kitu, ila koma ya mstari wa pili haipo mahali pake. (Kweli, kaizungushia wekundu.) Huduma ile haiombwi kwa mtu, namba iko kwenye tangazo, unapiga simu basi. Na dirisha lako ni lako, akasema, nenda kafanye kazi.

Nimepiga simu pale pale kwenye ngazi, kabla woga haujanirudia.

Jumatano, 12 Machi

Viti viwili, feni inayolalamika, pazia la kijani. Mshauri ni binti mdogo kuliko nilivyotegemea, kavaa raba. Nimemuuliza mara tatu ni nani anayesoma anachoandika. Akanigeuzia daftari: namba tu, jina hakuna.

Saa nzima nimezungumzia printa inayotafuna karatasi. Printa! Hakunikatiza. Mwishoni akauliza kama wiki ijayo tutaendelea na printa au kuna jingine. Nikacheka hadi nikalia. Au nililia hadi nikacheka, sikumbuki.

Jumatatu, 17 Machi

Redio kanivizia koridoni. Nikajua kaja kuchimba. Kumbe ananong'ona: eti ile namba, mtu anapiga tu? Na hawaandiki jina? Nikamwambia hawaandiki. Akasema anamuulizia shemeji yake. Sawa, shemeji. Mhasibu naye ana "rafiki". Nimegeuka tangazo linalotembea, na aibu sioni tena.

Jumatano, 19 Machi

Nimesema. Simu ya saa nane, foleni, yote. Nilidhani mshauri ataniambia si kosa langu; angesema hivyo ningebeba mkoba wangu nikaondoka. Hakusema. Aliuliza ni nani mwingine anayemlilia mdogo wangu. Mama, nikasema. Akauliza kama Mama anajua. Hakuniamrisha kitu, ila swali lile limekaa.

Mchana nimeandikisha vifo vitatu, na kisanduku kile nimekijaza mwenyewe. Cha kwanza tu ndicho nilichokirudia kuchapa mara mbili. Nimefurahi!

Jumapili, 23 Machi

Kwa Mama. Yeye anapiga pasi, mimi nakunja mashuka. Mara mbili nimefungua mdomo, mara mbili nikazungumzia mvua.

Mara ya tatu nikasema. Mama, siku ile alinipigia saa nane. Nikamwambia nina foleni. Sikumpigia tena.

Pasi ikasimama hewani. Hakunitazama. Nikajua nimemvunja.

Akaichomoa ukutani, akakaa kitandani juu ya nguo zilizokwisha nyooshwa. "Mimi saa nane na robo," akasema. "Niliiona simu inaita. Nilikuwa nimemkasirikia, mwanangu. Nikaiacha iite mpaka ikanyamaza."

Miezi minne! Kila mmoja na chake, familia moja, kimya. Tumelia tukiwa tumekumbatiana, nguo zote zimejikunja upya.

Sasa ameenda kunawa uso. Naandika haya haraka. Anarudi — anaita toka mlangoni. Anataka nimwambie alisemaje, neno kwa neno, na sauti ilikuwaje, alikuwa anacheka au vipi. Kumbe mimi nilimsikia. Yeye hakumsikia kabisa.

Alikuwa anacheka, Mama. Naja, nakuja kukwambia —