Mfomori Aliyetaka Biskuti

Jumatatu, 3 Oktoba 1955
Skuli, kama kawaida. Hesabu nimekosa zote, lakini kwa hati nzuri. Mwalimu wetu wa kutoka Ayalandi katuhadithia mashetani wa bahari ya kwao, Wafomori. Mfalme wao Balori ana jicho moja. Akilifumbua, watu wanakufa. Kauliwa na mjukuu wake kwa jiwe. Nikamhadithia Bibi yote, kwa vitendo. Kacheka mpaka kamwaga chai.

Jumanne, 4 Oktoba
Balaa. Bibi anataka Ijumaa niende Makunduchi kwa Ami Haji, nikamsaidie tanuu la chokaa. Na Jumamosi tunacheza mpira na vijana wa Vuga! Golikipa mimi. Bila mimi timu yetu mlango wazi. Nimekasirika sana.

Jumatano, 5 Oktoba
Nimepandwa na pepo! Nimejiangusha ukumbini, jicho moja nimefumba, nanguruma. Bibi kamwita jirani yetu Bi Mize, fundi wa pepo. Kafukiza ubani, kauliza kama ilivyo ada:
"Kabila gani wewe? Wataka nini?"
"Mfomori! Nataka biskuti na soda. Makunduchi sitaki!"
Makabila yote ya pepo anayajua, hili hana habari nalo. Nimeletewa biskuti pakiti nzima. Mimi hodari, wallahi.

Alhamisi, 6 Oktoba
Mimi mjinga. Bi Mize kasema pepo mgeni lazima alelewe: mwenye pepo hatoki nje mpaka wiki ishe. Nimo chumbani, nimefunikwa kaniki. Biskuti zimekwisha. Wenzangu nawasikia uchochoroni wanafanya mazoezi, golini wamemweka Saidi, hata embe hadaki. Nshalia kidogo.

Ijumaa, 7 Oktoba
Sikuweza tena. Bibi kaja na uji, nikanguruma: "Mfomori naondoka!"
"Huondoki," kasema Bibi. "Si mwenyewe ulinambia? Mfomori huuliwa na mjukuu wake. Sasa mjukuu ndiye kapandwa, itabidi bibi afanye kazi."
Kainua mwiko.
Pepo kafa hapo hapo, hata hajapigwa. Kumbe Bibi na Bi Mize walijua tangu Jumatano!
"Kesho kacheze," kasema. "Keshokutwa Makunduchi."

Jumapili, 9 Oktoba, Makunduchi
Tulishinda. Nilifungwa moja tu, jua lilikuwa machoni. Ami kanipa koleo, mimi na wanawe tumepakua chokaa mpaka jioni. Baadaye nikawahadithia habari za Balori na Wafomori wake wa baharini, kwa vitendo. Sasa sote tumekaa weupe kama mizimu, na hapana anayetaka kwenda kuoga pwani. Na mie siendi peke yangu.