Karatasi ya Konokono

Masese, Jinja

Mwanangu Jaliah,

Salamu zikukute salama huko Mbale. Mimi mzima, bado nakaa eda ya baba yako. Paka hulala juu ya kanzu yake, nami simfukuzi.

Karatasi mliyofundishwa darasani kuwaandikia watu wasiosomea sayansi, hiyo yako ya konokono wa ziwani na kichocho, nimemsomea jirani, Mama Wahab. Akasema, "Maji haya haya ninayofulia? Mama Jaliah, usinitishe."

Umeuliza kama kuna palipo pagumu. Niliposoma kwamba tumbo huvimba, niliurudia mstari huo. Baba yako alipovimba, mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha kwa maji ya ziwa kila asubuhi, ili apoe.

Mwalimu akiuliza, mwambie mama yako ameelewa kila neno.

Mama yako,
Shamim