Kombora Moja, Raundi Mbili

Bi. Verna,

Naiandikia safu yako ya ushauri gazetini kwa sababu Alhamisi ijayo natakiwa kuweka jina langu juu ya taarifa ambayo kila sentensi yake ni kweli, ila yote kwa pamoja ni uongo, na naomba uniambie nifanye nini.

Mimi ni mhitimu wa shahada ya uzamili katika masuala ya usalama, nilikuwa wa kwanza darasani, na sasa ni mtafiti katika taasisi moja hapa Omaha inayochunguza mabomu ya nyuklia yenye nguvu ndogo, yale ambayo wakubwa zangu wanaamini yatamtisha adui bila kuiteketeza dunia, imani ambayo mimi mwenyewe niliitetea katika tasnifu yangu kwa ufasaha uliosifiwa sana. Mwezi uliopita tulicheza mchezo wa vita, kazi yetu ya kawaida, chumba kimoja sisi Wamarekani, chumba kingine adui, mwamuzi katikati, tena si siri kwa kuwa wanafunzi wa chuo walialikwa kutazama; mkurugenzi wetu, nimwite Dkt. Keene, alinipa kiti cha adui, niwe rais wake, nami nilikikalia kwa dhati kwa kuwa nilitaka anione. Mwamuzi, nimwite Lowell, akaingia akatangaza kwamba kombora moja limetoka kwenye nyambizi ya Marekani na linanijia.

"Limebeba bomu dogo au kubwa?" nikauliza.

"Rada yako inaona kombora tu, mheshimiwa rais," akajibu akicheka. "Amua haraka."

Kwa kuwa kombora lile lile hubeba dogo na hubeba kubwa, nami sikuwa na njia ya kutofautisha, nilirusha kila nilichokuwa nacho kabla halijatua. Dkt. Keene akaja mlangoni, sandwichi mkononi.

"Hongera, binti. Umetuua sote kabla hatujamaliza kula."

"Sikujua lilikuwa dogo, Daktari."

"Ala! Kila mtu hapa anajua lilikuwa dogo!"

"Chumbani kwenu, ndiyo. Mimi nilikuwa adui."

Watu wakaangua kicheko, naye akaamuru turudie mchana, safari hii Lowell aninong'oneze kwamba bomu ni dogo. Nikasita, nikaomba amani, wakapiga makofi. Taarifa inayokwenda kwa kamati ya bunge, ambayo itaamua iwapo mabomu hayo yaongezwe, inaeleza raundi ya mchana peke yake, na ile ya asubuhi imeitwa "mazoezi" na kuachwa. Jina langu litatangulia, na nimeahidiwa nafasi Washington niliyoiota tangu utotoni. Lowell ananiambia, "Wewe saini tu, bibie. Ukishakuwa mkubwa utasema ukweli wako wote." Nikikataa, nitaonekana mtoto asiyejua kazi, nikikubali, naogopa siku moja mtu halisi atakaa kwenye kile kiti, wala hapatakuwa na wa kumnong'oneza.

Wako kwa heshima,
Mwenye Kiti cha Adui

*

Mwanangu,

Pole. Sasa futa machozi nikugombeze kidogo.

Umenieleza shahada yako kabla ya kunieleza kwamba uliiteketeza dunia. Hiyo ndiyo shida yako: bado unataka kupigiwa makofi. Raundi ya asubuhi hukukosea hata kidogo. Uliona walichosahau watu waliokaa muda mrefu mno chumba kimoja na wenzao, kwamba udogo wa bomu unajulikana na anayelirusha tu. Na hilo "dogo" lao ni kama theluthi ya lile la Hiroshima. Nenda kamwambie mama ambaye mwanawe aliungua kwamba lilikuwa dogo. Jina hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, maana mtu akiliona jambo ni dogo, mkono wake haukawii kulifanya.

Huyo Lowell mwambie nimesema anyamaze. Anayesaini uongo ili apande cheo, akifika juu atakuta kusaini ndiyo kazi yenyewe.

Usijiuzulu kwa hasira, wala usikimbilie televisheni. Jumatatu, Keene kabla hajavua koti, ingia ofisini kwake. Mwambie raundi zote mbili ziandikwe, ya asubuhi itangulie, na ieleweke ni nani aliyenong'onezwa nini. Akibisha, mwombe raundi ya tatu: yeye akae kwenye kiti cha adui, Lowell afunge mdomo, na wanafunzi wale wale watazame. Akikataa na hilo, jina lako liondoe siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na sababu uitaje. Washington unaweza kuikosa. Itakuuma, sitakudanganya.

Ukitoka huko usiende nyumbani kujifungia. Njoo ofisini kwetu gazetini, uulize Verna, uwe bado na kazi au umeshafukuzwa. Nimeshamwambia mhariri nitakuwa na mgeni: Jumatatu, saa saba kamili mchana.